Bendi ya kudumu au deiwaka? Piga hesabu kabla hujachagua

Kila mpigaji anayeanza kupata jina hufika kwenye njia panda ileile. Simu inaita. Kiongozi wa bendi nyingine anasema mpiga besi wake anaumwa, kuna shoo Jumamosi, vipi, utaweza? Na Jumamosi hiyo una mazoezi na wenzako, mazoezi ambayo hakuna anayeyalipia. Ukikubali mara tatu nne, umeshakuwa deiwaka: mpigaji wa siku, anayekodiwa na yeyote mwenye kazi, akimaliza anakunja waya wake na kwenda zake. Ukikataa kila mara, umechagua kuwa mtu wa bendi moja, mwenye kauli kwenye maamuzi yake na mwenye bega chini ya mizigo yake.

Nimekaa pande zote mbili, miaka kadhaa kila upande, besi begani. Naandika kwa sababu nimeona vijana wazuri wakichagua kwa kulinganisha kitu kimoja tu, malipo ya usiku mmoja, halafu baada ya mwaka wanaacha muziki kabisa wakidhani hawana kipaji. Kipaji walikuwa nacho. Walikosea hesabu.

Basi tuanze na hesabu.

Usiku mmoja, na usiku wa ishirini

Nitatumia mafungu, kila mtu aweke tarakimu za kwake. Mwenye sherehe analipa mafungu 100. Bendi ina watu sita. Usafiri wa watu na vyombo unakula 15. Kukodi spika na miksa, 15. Fundi mitambo, 10. Mfuko wa bendi, 10. Yanabaki 50. Mmoja wa sita hayupo, ameitwa deiwaka, naye amepatana 10 bila makato. Watano waliobaki wanagawana 40, kila mmoja 8. Mgeni ameondoka na nyingi kuliko wenye nyumba.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari. Wewe endelea.

Weka na muda. Mwanabendi wiki hiyo alifanya mazoezi masaa matatu, akaanza kupakia vyombo saa nane mchana, akafika kwake saa nane usiku. Jumla masaa 15 kwa mafungu 8, yaani nusu fungu na ushee kwa saa. Deiwaka alikaa peke yake masaa sita akisikiliza na kunakili nyimbo, akafika ukumbini saa kumi jioni, akaondoka saa sita usiku. Masaa 14 kwa mafungu 10, yaani 0.7 kwa saa. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama ilivyoonekana mkononi. Akiitwa tena na bendi ileile, nyimbo anazijua, anahitaji saa moja tu ya kukumbusha vidole. Sasa ni 10 kwa masaa tisa, zaidi ya fungu moja kwa saa. Faida ya deiwaka iko kwenye kurudi kwa watu walewale. Anayeruka bendi mpya kila wiki anafanya kazi ya bure nyumbani bila kujua.

Sasa twende shoo ishirini mbele. Ule mfuko wa 10 kila shoo umefika 200. Tuseme spika na miksa za kiasi zinapatikana kwa 200. Bendi ikinunua, makato ya kukodi yanafutika. Yanabaki 65 ya kugawana, na wote sita wakiwepo kila mmoja anapata karibu 11. Deiwaka bado yuko kwenye 10 yake. Na wale sita wana mitambo, ambayo siku wasiyopiga wanaweza kumkodisha mwingine.

Hesabu hiyo ina masharti mawili, na nayasema kwa uzito wote: shoo ishirini zipatikane kweli, na mfuko usiliwe. Bendi nyingi hufia kwenye sharti la pili. Kuna mwaka ulipita bila sisi kuujua mfuko wetu, mpaka siku amplifaya ilipoungua ndipo tukagundua hakuna kitu. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alikuwa amechota kidogo siku ya shida, na hakuna aliyekuwa akiandika. Kama bendi unayotaka kujiunga nayo haina daftari la mfuko ambalo kila mwanabendi anaweza kulifungua, ihesabu kama bendi isiyo na mfuko, na urudie hesabu yako bila ule usiku wa ishirini.

Uliza pia vyombo ni vya nani. Ipo bendi ya aina nyingine ambayo haimo kwenye mfano wangu, ile ambayo mwenye mali ni mtu au taasisi nje ya wapigaji. NUTA Jazz Band, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, iliendeshwa hivyo: ala ni za chama, mwanamuziki ni mwajiriwa na analipwa mshahara. Utaratibu huo unakutoa wasiwasi wa usafiri na spika, lakini siku unayoondoka unaondoka na vidole vyako tu. Kwa hesabu ya mali, uko karibu na deiwaka kuliko unavyodhani.

Nyimbo arobaini kichwani

Shoo ya kawaida ina awamu mbili au tatu, kila awamu kama dakika 45. Wimbo wa jukwaani ukichukua dakika nne, awamu moja inameza nyimbo 11, awamu tatu 33, na lazima uwe na za akiba. Kwa hiyo bendi inayojiheshimu ina nyimbo 40 tayari. Mwanabendi amezijenga kwa miezi, moja moja, hazimtishi. Deiwaka anatumiwa orodha Jumatano jioni kwa shoo ya Jumamosi.

Ukichagua njia hiyo, usianze na solo. Andika kwanza ufunguo wa kila wimbo, yaani noti ambayo wimbo umeegemea, kisha wimbo unaingiaje, kisha breki ziko wapi, pale bendi nzima inaponyamaza ghafla, kisha unaishaje. Sauti moja iliyopotea katikati ya ubeti inapita, hakuna anayegeuka kukutazama. Besi inayoendelea kulia wakati bendi nzima imekata breki inasikika hadi kwa mlinzi wa mlangoni. Na andika kodi zako, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa namba, 1, 4, 5, badala ya majina. Wapigaji wa studio za Nashville, Marekani, walianza kutumia namba mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu iliyo wazi: mwimbaji akiamka na sauti nzito, akashusha ufunguo, karatasi yako haibadiliki.

Kwa wapuliza mambo ni mazito zaidi. Bendi ya magitaa hupenda ufunguo wa E. Saksafoni huandikiwa noti tofauti na zinazosikika, kwa hiyo hapo ya tena inajikuta kwenye F shapu na alto kwenye C shapu, sehemu ambazo vidole havipendi kutembea usiku kucha. Mpuliza wa bendi ya kudumu anaweza kumbembeleza kiongozi, wimbo usogee nusu hatua. Deiwaka hana ubavu huo. Anapiga alichokikuta.

Kuna kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye orodha yoyote, nacho kilinigharimu. Usiku mmoja nimekodiwa na bendi nisiyoizoea, mwimbaji akageuka kabla ya wimbo uliokuwa kwenye D, akanionyesha vidole viwili kuelekea chini. Kwetu ishara hiyo ilikuwa na maana moja: shuka nusu hatua mbili. Nikaingia na C, nguvu zote. Mpiga kinanda akaingia na B flati. Kwao vidole chini vilihesabu flati za ufunguo, yaani noti zake zilizoshushwa nusu hatua, na ufunguo wenye flati mbili ni B flati, na ndivyo wapigaji wengi wa jazi wanavyofanya. Ilinichukua baa nne, yaani vipimo vinne vya wimbo, kuwapata. Baa nne ukumbini, mbele ya watu waliosimama tayari kucheza, ni ndefu mno. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza nikifika kwa bendi ngeni ni ishara zao za mikono, kabla hata ya kuuliza soketi iko wapi.

Linganisha na bendi yangu mwenyewe. Mpiga dramu wetu huinua bega la kushoto, kidogo sana, robo sekunde kabla ya kukata breki. Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Mimi sijawahi kumwambia, naogopa ataacha. Kwa miaka yote hiyo sijakosa breki yake hata moja, na kuna usiku tumekata breki ambayo haikuwa kwenye wimbo, yeye alijisikia tu, bega likapanda, nami nikanyamaza pamoja naye. Watu walipiga kelele. Kitu kama hicho deiwaka hakipati. Anapata ustadi wa aina nyingine, wa kusoma bendi nzima kwa dakika kumi za kwanza, na huo nao ni ustadi wa kweli. Ila bega lile hulisomi kwa dakika kumi.

Umeme, masikio na mahali pa kusimama

Bendi yenye mitambo yake inajua waya wake. Inajua kebo ipi inakwaruza, ipi ilikatika wiki iliyopita, nani aliifunga plagi ile. Deiwaka anaingia kwenye umeme wa watu. Hili nalisema bila kupunguza ukali: linaua. Mwaka 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki akiwa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na eathi, waya wa kupeleka umeme ardhini, sawasawa huku ameshika gitaa lake. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na mfumo wa amplifaya yako, maiki imeunganishwa na mfumo wa ukumbi. Mifumo hiyo miwili ikitofautiana, daraja ni wewe, mkono mmoja kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki.

Kwa hiyo begi la deiwaka liwe na kipima soketi, kile kidogo chenye taa tatu. Kiwe cha kwanza kutoka. Na ukisikia mngurumo mzito wa umeme kwenye spika, ule wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi, usikate kamwe waya wa eathi kwenye plagi ili unyamaze. Tumia kisanduku cha DI, kile kinachounganisha ala na miksa, chenye swichi ya kutenganisha eathi upande wa sauti tu. Fundi yeyote atakayekwambia kukata eathi ya plagi ni kawaida, mshukuru na usimsikilize. Vingine vya begi ni rahisi: seti ya nyuzi, kebo ya ziada, betri ya volti 9, fyuzi, tochi, utepe wa kubana waya sakafuni.

Mzigo wa mwanabendi ni mzito zaidi kwa kilo, si kwa wasiwasi. Spika, stendi, dramu, ngazi tatu za kupandisha. Kama mgongo wako una matatizo, usione aibu kuliweka hilo kwenye mizani. Nimefahamu wapigaji hodari waliohamia udeiwaka kwa sababu ya mgongo peke yake, na walifanya vizuri.

Masikio ni ya wote, lakini hatari haigawanyiki sawa. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa masaa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, na ukifika 100 una dakika 15. Ukisimama kati ya dramu na monita, spika zinazowaelekea wapigaji, 100 unaipita kirahisi, na shoo ina zaidi ya dakika 15. Bendi ya kudumu inaweza kukaa mazoezini ikakubaliana: amplifaya zigeuzwe pembeni, dramu zipigwe kwa mkono mwepesi awamu ya kwanza, monita zishuke. Deiwaka hana wa kukubaliana naye. Anakuta sauti ilivyo, na kesho yake yuko kwingine kwenye sauti kubwa vilevile. Nunua viziba masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, desibeli 15 hivi. Sponji za kawaida zinakata sauti za juu kuliko za chini, unabaki unasikia ngurumo, halafu unazitoa. Filimbi inayolia masikioni baada ya shoo ni onyo. Ikikaa, haina dawa ya kuiondoa.

Na mahali pa kusimama. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukiwekwa mita kumi kutoka kwa dramu, pigo linakufikia limechelewa karibu milisekunde 29, na wewe unajibu ukiwa umechelewa hivyo hivyo. Waliozoeana wanajirekebisha bila kufikiri. Mgeni anaonekana mzito. Ukikodiwa, omba usimame jirani na dramu, hata kama watazamaji hawatakuona vizuri.

Watu

Kisa cha deiwaka ninachokipenda kuliko vyote ni cha Jimmie Nicol. Juni 1964, siku moja kabla ya The Beatles kuondoka London kwa ziara, mpiga dramu wao Ringo Starr akalazwa kwa ugonjwa wa tezi za koo. Nicol akapigiwa simu, akafanya mazoezi mafupi nao siku hiyohiyo, kesho yake akapanda nao jukwaani Copenhagen. Akapiga Denmark, Uholanzi, Hong Kong na Adelaide. Ringo alipopona akawafuata Melbourne, na kazi ya Nicol ikaishia hapo. Alipiga vizuri. Watu walishangilia. Lakini kiti hakikuwa chake hata siku moja, na kila mtu alilijua hilo, naye pia.

Udeiwaka ndivyo ulivyo, uwe mkubwa au mdogo. Unakaa kwenye kiti chenye joto la mtu mwingine. Ukipiga vibaya huitwi tena. Ukipiga vizuri kupita kiasi, ukajaza kila nafasi kwa mbwembwe, vilevile huitwi tena, maana mwenye kiti atarudi na hataki kulinganishwa. Kuna adabu zake. Usimpe mteja wa bendi namba yako, hata akiiomba kwa upendo. Mwelekeze kwa kiongozi. Usiseme vibaya mpangilio wa wimbo wao. Usishushe bei ili kumchomoa mwenzako. Haya hayaandikwi popote, lakini wapigaji wa mji mmoja wanafahamiana wote, na jina lako linafika kabla yako.

Upande wa bendi, watu ndio furaha na ndio mateso. Yupo wa kuchelewa. Yupo anayefika mazoezini hajasikiliza wimbo. Yupo ambaye kila uamuzi lazima upitie kwake. Ugomvi wa bendi mara chache huwa wa muziki; huwa wa muda na wa kutambuliwa. Sisi tulipona kwa jambo dogo: saa ya mazoezi ikifika, tunaanza, hata tukiwa watatu. Wimbo unaanza bila gitaa la solo. Mwenye gitaa akifungua mlango mara mbili tatu akakuta wimbo unatembea bila yeye, hachelewi tena. Hatukuhitaji faini wala maneno makali.

Kama una mtoto mchanga, kazi ya asubuhi, au mzazi unayemuuguza, deiwaka inakupa kitu ambacho bendi haiwezi kukupa: kukataa bila kumwangusha mtu. Mwanabendi akisema hapana, watu watano wanakosa kazi. Nalitaja kwa kifupi lakini kwa wengine ndilo linaloamua kila kitu, na ni sababu ya heshima kabisa. Upande wa pili, ukiugua wewe, bendi njema itakutunzia nafasi na pengine fungu dogo. Deiwaka akiugua, simu inahama.

Karatasi

Deiwaka hana makubaliano na mwenye sherehe. Ana ahadi ya kiongozi wa bendi, basi. Nililijua hilo siku mwandaaji mmoja alipotoweka kabla ya awamu ya mwisho na malipo yote. Wenye bendi walikuwa na karatasi, wakamfuatilia kwa miezi, wakapata sehemu. Mimi sikuwa na cha kumwonyesha mtu yeyote, na kiongozi aliyenikodi naye alikuwa hajalipwa, ningemdai nini? Tangu hapo kila kazi naithibitisha kwa ujumbe mfupi wa maandishi, hata kwa rafiki: "Jumamosi, kufika saa kumi jioni, awamu tatu, mwisho saa sita usiku. Malipo 10 mkononi kabla ya kupakia vyombo, mwenye sherehe amelipa au hajalipa. Ikizidi saa sita, kila nusu saa 1. Nguo nyeusi. Nathibitisha." Maneno "amelipa au hajalipa" ndiyo yenye thamani. Kiongozi asiyeyataka amekwambia mapema kwamba hasara yake mtagawana, ila faida yake hapana.

Bendi nayo ichukue kianzio, nusu siku ya kuweka tarehe, nusu kabla ya wimbo wa kwanza. Na ndani ya bendi kwenyewe muandike mambo manne wakati bado mnapendana: jina ni la nani, vyombo ni vya nani, anayeondoka anachukua nini, na mwanabendi akiitwa nje anaruhusiwa vipi. Ukurasa mmoja unatosha.

Ukiwa mtunzi, ongeza la tano: nani anatambuliwa kuwa ametunga. Hapa njia mbili zinaachana kabisa. Haki ya utunzi ni kitu kimoja na haki ya rekodi ni kingine, na deiwaka aliyelipwa kwa kupiga studio kwa kawaida hana hata moja. Wapigaji wa kudumu wa studio ya Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, waliojiita Funk Brothers, walipiga kwenye nyimbo zilizotikisa dunia kwa zaidi ya muongo mmoja kabla majina yao hayajaandikwa kwenye jalada la albamu kubwa ya kampuni hiyo, ile ya mwimbaji Marvin Gaye ya 1971. Ukiwa na nyimbo zako kichwani, udeiwaka utakulisha lakini hautazitoa. Zinahitaji watu watakaozipiga vibaya mara ishirini bure mpaka zisimame.

Basi wewe je?

Ala yako inasema mengi. Besi, dramu, kinanda na vya kupuliza vinatafutwa kila wakati, kwa hiyo deiwaka wa ala hizo anaishi. Mpiga gitaa la ridhimu hupata simu chache, maana bendi inaweza kupita usiku mmoja bila yeye. Mwimbaji ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote akitaka kukodiwa. Funguo zote 40 zilipangwa kwa koo la mtu mwingine. Mwimbaji namshauri atafute bendi, na aikamate.

Anayeanza, hata awe na vidole vya moto, namshauri bendi kwanza, miaka miwili kamili. Nimekaa jukwaani na madeiwaka vijana ambao hawakuwahi kuwa na bendi. Wanashika wimbo haraka ajabu, ila wanapiga kama wako peke yao na redio. Kusikiliza hujifunzi kwa haraka, na hakuna atakayekukodi ili akufundishe. Anayetegemea muziki kwa mkate wa kila siku, mwenye miaka yake miwili nyuma, aende deiwaka kwa bendi tatu au nne zilezile, zisizidi. Mwenye kazi nyingine na anayetaka muziki ubaki furaha, bendi moja yenye shoo mbili kwa mwezi inamtosha.

Na kufanya yote mawili kunawezekana, mimi ndivyo ninavyoishi sasa, kwa sharti moja lisilo na msamaha: tarehe iliyoandikwa kwanza ndiyo inayosimama. Siku utakayomwacha mtu kwa sababu mwingine ametaja malipo makubwa zaidi, utapoteza wote wawili, wa kwanza leo na wa pili atakapojiuliza zamu yake itakuwa lini.

Kama bado huna uhakika, shika daftari kwa miezi mitatu ukijaribu pande zote. Kila shoo mstari mmoja: umetoka saa ngapi, umerudi saa ngapi, masaa ya maandalizi, ulichopata mkononi. Mimi niliongeza safu ya mwisho, wimbo ambao ningependa kuurudia kesho na watu walewale. Usiku wa deiwaka safu za fedha zilijaa vizuri na hiyo ya mwisho mara nyingi niliiacha wazi. Usiku wa bendi, hata ule tuliorudi na mafungu matano kila mmoja na gari limetuharibikia njiani, niliandika nyimbo tatu.